Mtoto wa Mbeya hakosi kipaji cha tenisi, anakosa mechi

Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi ya wawili wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Kanada walichukua seti ya kwanza 6-3, Okutoyi na mwenzake wakajibu 6-4, na mchezo ukaamuliwa kwa taibreki, yaani mchezo mfupi wa kuvunja sare, ya pointi kumi iliyoisha 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Mwishoni kabisa, pointi mbili tu ndizo zilizowatenganisha wasichana wale wanne.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo, alishinda mashindano makubwa ya Montreal akiwa na miaka 18. Njiani aliwafunga mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na kwenye fainali Naomi Osaka. Okutoyi naye hakukaa bure. Alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra mwaka 2024, na akapata nafasi ya kusoma na kucheza Auburn University, Marekani. Kwa msichana aliyelelewa na bibi yake Nairobi, hiyo ni safari ya heshima kubwa. Hata hivyo mmoja amefika juu kabisa haraka na mwingine bado anapanda, nao walikuwa sawa siku ile. Kilichoingia katikati ni nini?

Wengi hujibu kwamba ni pesa. Sawa, lakini pesa hiyo katika tenisi hununua nini? Hununua mechi. Mboko alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora duniani. Akaingia mashindano madogo, moja baada ya jingine, akashinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Nyumbani kwao alikuwa kitinda mimba, na ndugu zake wakubwa wote walicheza tenisi, kwa hiyo tangu utotoni hakukosa mtu wa kumchapa na wa kumjibu. Okutoyi ilibidi avuke mipaka kwenda kutafuta wapinzani wa kiwango chake.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kuhusu Mbeya, Iringa na Njombe. Kila mtoto wetu mwenye mkono mzuri akionekana, maneno ni yale yale: apelekwe Dar, atafutiwe mfadhili. Mimi naona tunaanzia mwisho. Mtoto wa miaka 11 asiyecheza mechi 60 au 70 kwa mwaka hapa hapa nyumbani, hata akipata mfadhili atakwenda kufungwa 6-0, 6-0 na kurudi. Mazoezi ya kurushiwa mipira na kocha hayafundishi kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi, ukiwa nyuma 30-40 na mpinzani amebakiza pointi moja kuchukua gemu.

Lakini kabla ya mechi kuna mpira wenyewe, na hapa Nyanda za Juu tuna tatizo ambalo wengi hawalijui. Mbeya mjini uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,550, Njombe juu zaidi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, zimeweka mpaka kwenye mita 1,219, na kuanzia hapo kwenda juu kuna mipira yake. Mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, pwani, unatakiwa udunde kati ya sentimita 135 na 147. Mpira wa nyanda za juu ukipimwa hivyo hivyo unadunda 122 hadi 135 tu. Umepunguzwa makusudi, ili ukifika huku udunde kama mpira wa kawaida unavyodunda pwani. Aina nyingine inayoruhusiwa ni mpira usio na presha ndani, na kanuni zinataka uwe umekaa siku 60 au zaidi kwenye kimo kile kile cha mashindano.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiwa na kopo mkononi. Ukifungua kopo la mipira ya kawaida Mbeya, presha iliyomo ndani ya mpira ni ile ya kiwandani, lakini hewa ya nje inayoubana ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Mpira unakuwa kama umejazwa kupita kiasi. Juu ya hilo, hewa nyepesi haiupunguzi kasi ukiwa angani, wala haiushiki vizuri unapozunguka, hivyo mpira uliopigwa kwa mzunguko wa mbele hauzami uwanjani kama unavyotakiwa. Mambo yote yanasukuma upande mmoja: mpira unapaa, unatoka nje.

Sasa mwangalie mtoto wa miaka tisa mbele ya mpira huo. Unamdundia juu ya bega. Anarudi nyuma hatua tatu, anaupiga akiwa anaanguka kisogo. Akiuzungusha mkono wote, mpira unakwenda kwenye uzio, kocha anamkaripia, na baada ya wiki chache anajifunza kuusukuma kwa mkono mfupi ili tu ubaki ndani. Miaka miwili baadaye mkono umeshazoea hivyo. Akishuka Dar kwa mashindano, mpira ule ule unakuwa mzito, haudundi, kila anachopiga kinaishia kwenye neti. Watu wa huko wanasema hana nguvu. Nguvu anazo. Amefundishwa kwa mpira usio wake.

Kipimo unaweza kukifanya leo bila kumuuliza mtu. Chora alama mbili ukutani juu ya sakafu ya zege, moja sentimita 254 na nyingine 147. Angusha mpira, usiurushe, upande wake wa chini ukiwa sawa na alama ya juu. Mtu mwingine achuchumae macho yake yawe usawa wa alama ya chini. Rudia mara tatu, mpira ukiwa umekaa kivulini, kwa sababu uliolala juani hudunda zaidi na ule wa asubuhi ya Julai hudunda kidogo. Ukizidi 147 kila mara, mpira huo usiwape watoto. Waachie watu wazima.

Unapoagiza, ulizia mipira ya nyanda za juu au isiyo na presha. Isiyo na presha ni migumu kidogo mkononi, lakini hudumu miezi mpaka manyoya yaishe, wakati mpira wa kopo wa kawaida huanza kufa wiki mbili tatu baada ya kufunguliwa. Kwa klabu ya watoto yenye bajeti ndogo, hesabu hiyo inajieleza. Kwa wadogo zaidi kuna ngazi ya rangi: nyekundu ni ya polepole kwa asilimia 75 kuliko ya kawaida, ya chungwa asilimia 50, ya kijani asilimia 25. Tangu mwaka 2012 ITF hairuhusu mipira ya kawaida ya njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kwa sisi wa huku juu, ningesema mtoto abaki na mpira wa kijani hata mwaka mmoja zaidi ya mwenzake wa pwani. Hapotezi kitu.

Raketi nayo isiwe ya kaka yake. Miaka 5 au 6, inchi 21. Miaka 7 au 8, inchi 23. Miaka 9 au 10, inchi 25, kisha 26, ndipo 27 ya wakubwa. Ile kauli ya "atakua nayo" inazalisha maumivu ya kiwiko na mkunjo wa kiganja usiorekebishika kirahisi. Nyuzi za poliesta zisiwekwe kwenye raketi ya mtoto ambaye bado anakua. Ni kavu, hazinyumbuki. Weka nyuzi laini, na huku juu zikaze kilo moja au mbili zaidi ya ulivyozoea kuona pwani ili mpira usikimbie. Akishuka Dar, zilegezwe tena.

Kiwanja? Nitasema kwa kifupi, kwa sababu kiwanja ndicho kisingizio kikubwa. Kamili kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja, na pamoja na nafasi ya kukimbilia kinadai eneo la takribani mita 36 kwa 18. Hicho ni cha gharama. Lakini kiwanja cha mpira wa chungwa ni mita 18 kwa 6.5, na kiwanja cha basketi cha shule ni mita 28 kwa 15. Kinaingia, na nyuma ya kila mstari inabaki mita 5. Neti yake ni sentimita 80 katikati, hata neti ya vinyoya iliyoshushwa na kukazwa inafaa. Ukuta wa darasa usio na madirisha, ukichorwa mstari sentimita 91 kutoka chini, ni mpinzani asiyechoka.

Turudi kwenye mechi. Watoto wanane, kiwanja kimoja, Jumamosi saa tatu za kucheza. Kila mmoja akikutana na kila mwenzake, ni mechi 28. Cheza seti moja ya gemu nne, ikifika 40-40 pointi moja iamue, ikifika 3-3 ichezwe taibreki. Mechi ya namna hiyo huchukua kama dakika 25. Mechi 28 ni saa 11 na dakika 40, yaani Jumamosi nne. Kila mtoto amepata mechi 7 kwa mwezi. Toa miezi miwili ya mvua kubwa, zinabaki 70 kwa mwaka, na hakuna aliyepanda basi. Daftari moja linatosha: nani kacheza na nani, matokeo, na nani alianza kusevu. Waliocheza wajihesabie wenyewe pointi kwa sauti. Mtoto asiyezoea kutangaza alama atanyang'anywa gemu mchana kweupe siku atakayokwenda ugenini.

Ligi hiyo huharibikia sehemu mbili. Kwanza, bingwa anapokuwa yule yule miezi mitatu, wa chini wanaacha kuja. Wagawe wanne wanne kwa viwango, na kila mwezi mmoja apande na mmoja ashuke. Pili, wazazi wanaoingia uwanjani kubishania mstari. Wakae mita kumi nyuma, na hili lisemwe siku ya kwanza.

Ngazi ya nje inaanza akitimiza miaka 13, anapoweza kuingia mashindano ya vijana ya ITF. Daraja la chini ni J30, ambapo bingwa hupata pointi 30, kisha J60, J100, J200, J300 na J500. Hesabu huchukua matokeo sita bora ya mmoja mmoja na robo ya sita bora ya wawili wawili. Maana yake, mtoto anayeingia wawili wawili kila safari anaokota pointi ambazo wengine wanaziacha chini, na Okutoyi ni ushahidi tosha. Namba ya IPIN, yaani namba ya usajili wa mchezaji ya ITF, pasipoti na cheti cha kuzaliwa vishughulikiwe mapema, si wiki ya safari, maana majina hufungwa wiki kadhaa kabla ya mashindano na kujitoa kwa kuchelewa kuna adhabu.

Na hapa jiografia inatubeba. Nairobi iko kwenye kimo kinachokaribiana na Mbeya. Kigali, ambayo tangu 2024 inaandaa hata mashindano ya kulipwa ya wanaume ya daraja la Challenger, iko kama Iringa. Lusaka iko mita 1,280 hivi, nayo mtu wa Mbeya akishavuka Tunduma yuko kwenye barabara inayokwenda huko. Mtoto aliyefundishwa vizuri kwenye hewa nyepesi anafika pale akiwa nyumbani, wakati aliyetoka pwani anahangaika na mpira unaopaa. Kwa hiyo J30 ya kwanza ya mtoto wa Nyanda za Juu isiwe ya usawa wa bahari. Akilazimika kushuka, afike siku tatu au nne kabla, na ainue mpira karibu mita moja juu ya neti mpaka mkono uzoee.

Masomo yasiachwe. Katika mashindano ya kulipwa ya daraja la chini, M15, anayetolewa raundi ya kwanza hapati pointi yoyote, na pointi ulizonazo hufutika baada ya wiki 52. Mlango wa chuo cha Marekani aliopitia Okutoyi humpa kijana miaka ya mechi, kocha na shahada, nao haufunguki kwa mwenye cheti kibovu cha Kidato cha Nne.

Pendekezo langu kwa likizo ya Juni ni Makambako. Mbeya, Iringa na Njombe zote zinafika pale asubuhi moja. Kila mji ulete watoto wanne, mipira ya kijani dazeni mbili, neti na chaki. Makundi manne ya watatu watatu, kila kundi mtoto mmoja kutoka kila mji, ni mechi 12 za dakika 25. Mkianza Jumamosi saa 3 asubuhi, vidole vikishapata joto, mechi ya mwisho ya makundi inaisha saa 8 mchana, na Jumapili inabaki kwa nusu fainali.