Kabla ya tabo kubwa, shughulikia westigeti

Tulikuwa tumemaliza kona za Kitonga na barabara imefunguka kuelekea Ilula. Mwezi wa saba, alfajiri, baridi ile ya Iringa inayokufuata mpaka ndani ya soksi. Mbele kulikuwa na lori la saruji linatambaa, upande wa pili kweupe, nikapiga gia ya tatu na kukanyaga mafuta. Katikati ya kulipita, gari likakata nguvu kama mtu kazima swichi. Mikanda ikatubana, vichwa vikaenda mbele, halafu injini ikarudi yenyewe kana kwamba haijafanya lolote. Shemeji yangu, aliyekuwa amesinzia kiti cha kushoto, akafumbua macho: "Shemeji, mafuta yameisha?"

Hayakuwa yameisha. Yalikuwa yamekatwa.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 1998, ile bodi ambayo wenyewe tunaiita GC8. Kwenye makaratasi ya Japani ina nguvu za farasi 280, namba ambayo kampuni za magari za kule zilikubaliana zamani zile kutoivuka, walau kwa maandishi. Nililinunua kwa sababu ileile iliyowafanya wengi wa rika langu walitamani: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, na mtoto aliyeona picha ile hakupona tena. Miezi miwili kabla ya safari hii nilikuwa nimetoa ekzosi ya kiwandani pamoja na katalaiza (kile kisafisha moshi), nikafunga bomba la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma. Mlio ulikuwa mtamu, majirani watanisamehe. Tabo sikuigusa, kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, sikuigusa. Lakini siku ile, kabla gari halijakata, geji ya presha ya tabo ilikuwa imepita baa 1.3 wakati kawaida yake ni 0.9 (baa ya kipimo cha presha, si ile ya Sinza).

Kinachotakiwa kuzuia presha ya tabo isipite kiasi ni westigeti. Kwa wasioifahamu, niieleze kwa kifupi. Tabo ina magurudumu mawili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha la kwanza, la pili linasukuma hewa kuingia kwenye injini. Hewa zaidi, petroli zaidi, moshi zaidi, na moshi ule unazungusha tabo kwa kasi zaidi. Mzunguko huo hauna breki. Ukiuacha, utaishia kwenye pistoni zilizotoboka. Kwa hiyo kwenye nyumba ya tabo, upande wa moshi, kuna tundu la pembeni lenye kilango. Presha ikifika kiwango kilichopangwa, kilango kinafunguka na sehemu ya moshi inakatisha njia bila kugusa gurudumu. Kinachokifungua ni kikopo chenye kiwambo cha mpira na springi ndani, kinachopokea presha kwa kihozi kutoka upande wa hewa na kusukuma fimbo. Ndiyo westigeti yote hiyo. Kifaa cha kijinga kabisa, na ndicho kinachosimamia kila kitu.

Mwaka 1962 kampuni moja, General Motors, ilitoa magari mawili ya tabo kwa majibu mawili tofauti ya tatizo hili. Oldsmobile Jetfire ilikuwa na westigeti, tena na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na alkoholi ya kupoza mchanganyiko. Chevrolet Corvair Monza Spyder haikuwa nayo. Walipanga njia ya moshi iwe na ubanaji wa kutosha ili tabo isiweze kupita kiasi. Ekzosi ndiyo ilikuwa breki.

Mfano wa Corvair ndio ulionifungua macho, maana nilichofanya mimi kwa bomba la inchi 3 ni kuondoa breki ambayo sikujua kama ipo. Ekzosi ya kiwandani inabana. Ukiitoa, moshi unapita kwenye tabo kwa urahisi, na lile tundu la pembeni lililopimwa kwa ajili ya ekzosi ya zamani halitoshi tena. Kilango kinafunguka chote lakini presha inaendelea kupanda taratibu kadiri mzunguko wa injini unavyoongezeka. Asubuhi ya baridi ni mbaya zaidi kwa kuwa hewa ni nzito. Kontrolboksi ikaona presha imepita mpaka wake, ikakata petroli ili kuokoa injini.

Dar nilizunguka kwa mafundi, na hapa ndipo manung'uniko yangu yalipo. Wa kwanza alitaka kukaza fimbo. Kukaza fimbo kunachelewesha kilango kufunguka, yaani presha ingepanda zaidi, na nilipomwambia hivyo akanijibu, "Bosi, si unataka gari likimbie?" Wa pili alikuwa na kivali cha kuweka kwenye hozi ya sensa ya presha ili kontrolboksi isione inayozidi. Gari lisingekata tena. Lingeungua kimya kimya. Wa tatu, mwenye gereji kubwa na simu mbili, alinishauri ninunue tabo kubwa kwa kuwa "hiyo ndogo imekuzidi." Bei aliyotaja ingenunua pikipiki mpya na chenji ikabaki.

Sisemi mafundi wetu hawajui. Ninachosema ni kwamba tumewazoesha kuulizwa swali moja tu, la nguvu zitaongezekaje, na hakuna mteja anayefika gereji kulipa pesa ili gari lijue pa kuishia.

Nikaamua kufungua mwenyewe, mimi na kijana mmoja wa Ilala anayejua kushika spana na asiyejua kuongea sana. Tulipotoa bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo tukaona kitu ambacho hakuna aliyekitabiri. Ndani ya ukingo wa bomba jipya kulikuwa na alama ya nusu mwezi, chuma kimekwanguliwa kikang'aa katikati ya masizi. Kilango kilikuwa kikifunguka nusu, kinagonga ukingo wa bomba, kinaishia hapo. Bomba la inchi 3 nililonunua kwa mbwembwe lilichomelewa na mtu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba mle ndani kuna kitu kinachojongea. Gasketi nayo ilikuwa imeingia ndani milimita mbili tatu, ikasaidia kukizuia.

Tukakipima kikopo. Huhitaji mashine. Chukua pampu ya baiskeli na geji, unganisha kwenye kihozi chake, pampu polepole huku mwenzako akitazama fimbo. Cha kwangu kilianza kusogea kwenye 0.6, halafu ukiacha kupampu fimbo inarudi yenyewe baada ya sekunde chache. Kiwambo kinavuja. Zaidi ya miaka ishirini juu ya chuma chekundu, hata mimi ningevuja. Na kikopo kinachovuja hakisukumi fimbo kwa nguvu yote, kwa hiyo presha inapanda. Shida tatu zilikuwa zimekaa pamoja: tundu dogo, kilango kinachogonga, kikopo kinachovuja. Tabo kubwa isingeponya hata moja.

Nyumba ya tabo tuliipeleka mtaa wa Gerezani, Dar, kwa fundi wa tona, mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Tundu lilikuwa na upana wa milimita 23. Tukalipanua hadi 28, hatukuthubutu zaidi kwa sababu chuma kinachobaki pembeni ndicho kinachokaliwa na kilango, na ukikimaliza moshi utavuja muda wote, tabo itachelewa kuamka. Kazi iliyochukua muda haikuwa kutoboa. Ilikuwa kulainisha ule ukuta wa upande unakotokea moshi, kwa kigrainda kidogo na tupa ya mviringo, ili moshi uone tundu kabla haujaliona gurudumu. Tundu kubwa lililokaa kinyume cha mkondo halisaidii sana. Moshi ni mvivu kama maji, unafuata njia iliyonyooka.

Kilango kipya kikatengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, kikafungwa kwenye mkono wake kikiwa na uchezaji kidogo. Fundi alitaka kukichomelea kigumu kabisa, nikamwomba asifanye hivyo. Kilango lazima kiweze kujiweka chenyewe juu ya tundu, kikiwa kigumu kitakaa upande. Tukakisugua kwa dawa ya kusagia vali mpaka alama ya duara ikaonekana nzima. Ukingo wa bomba tukaukata, gasketi tukaipunguza kwa mkasi. Kikopo kipya nikaagiza chenye springi ya 0.7.

Watu wengi wanakosea kwenye springi. Springi ndiyo sakafu. Mfumo wa umeme wa kudhibiti presha, uwe wa kiwandani au wa kununua, unafanya kazi kwa kuiba presha kidogo isifike kwenye kikopo, kwa hiyo unaweza kupandisha tu. Hauwezi kushuka chini ya springi. Ukifunga springi ya baa 1.2 kwa kuwa ndoto yako ni 1.2, siku utakayopata petroli mbaya Makambako hutakuwa na mahali pa kukimbilia. Gari hili lilitengenezwa likitarajia petroli ya Japani ya oktani 100 hivi (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka mapema), sisi tunatia iliyo chini ya hapo, na injini hizi za EJ20 zinajulikana kwa kuvunja ule ukingo wa pistoni unaoshika ringi pindi petroli inapolipuka kabla ya wakati. Chagua springi ya siku mbaya.

Na kuna suala la mwinuko ambalo vijana wa Dar hawalifikirii mpaka wasafiri. Upande wa pili wa kiwambo kuna hewa ya nje, kwa hiyo westigeti inapima tofauti tu kati ya ndani na nje. Dar hewa ya nje ina karibu baa 1. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, inabaki 0.82 hivi. Geji ikisoma 0.9 Dar, injini inapata jumla ya 1.9, na tabo imezidisha hewa karibu mara 1.9. Geji hiyohiyo ikisoma 0.9 Mbeya, injini inapata 1.7 tu, lakini tabo imefanya kazi ya kuzidisha mara 2.1. Inazunguka zaidi, inachemsha hewa zaidi, inakupa kidogo. Moshi nao unatoka kwa wepesi zaidi kwa sababu nje hakuna presha ya kuuzuia. Gari linalotulia vizuri Bagamoyo linaweza kupita kiasi Uyole, Mbeya, bila wewe kugusa chochote. Nilipojumlisha hesabu hizi nikaelewa kwa nini Kitonga ndiyo iliyonishika na siyo barabara ya Kibaha.

Najua mtaniuliza kuhusu westigeti ya nje, ile inayokaa peke yake kwenye bomba la moshi kabla ya tabo. Ni kifaa kizuri. Porsche waliifunga kwenye 911 Turbo yao tangu 1975, na ukiwa na tabo kubwa inayobeba moshi mwingi huna njia nyingine ya maana. Lakini kwa tabo ndogo ya kiwandani inakulazimu kukata bomba, kuchomelea, kutafuta nafasi chini ya injini ambayo haina nafasi, na kila kiungo kipya ni mahali papya pa kuvuja. Tuseme ukweli pia: wengi wanaoitaka hawaitaki kwa ajili ya presha. Wanataka lile bomba fupi linalomwaga moshi nje moja kwa moja, likilia kama ndege ya kivita ukikanyaga. Nimelisikia, linasisimua, silikatai. Ila mtu asiniambie ni uhandisi.

Mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alimaliza Safari Rally nafasi ya 4 kwa Impreza WRX ya Kundi N, kundi la magari yanayokaribiana sana na yale ya dukani. Namfikiria kila mara mtu aliyenunua gari juzi anaponiambia kwamba westigeti ya ndani ni ya wanawake wa sokoni. (Na wanawake wa sokoni ninaowajua mimi wanajua kupima kuliko yeye.)

Baada ya kufunga nilichomoa umeme wote wa kudhibiti presha nikaliacha gari kwa springi peke yake. Gia ya nne, mlima, geji ikapanda hadi 0.75 ikasimama. Ikasimama palepale mpaka injini ikafika mizunguko 6,500 kwa dakika. Sijawahi kufurahia sindano isiyosogea kiasi kile. Kisha nikarudisha umeme, ikatulia 0.95. Gari likawa na nguvu pungufu kuliko zile sekunde mbili za Ilula, na lina kasi zaidi kwa safari nzima, maana halikati. Lina kasoro moja: asubuhi ya baridi sana bado linaongeza pointi chache mwishoni, na nadhani ile milimita ya 29 niliyoiogopa ndiyo ingelimaliza.

Desemba tulikwenda tena Mbeya. Shemeji alilala kuanzia Mikumi, nikamwamsha Makambako tule.

Rafiki yangu mwenye Forester ya tabo alikuja wiki iliyopita kulisikiliza gari langu. Nikaliwasha, nikalipiga resi kidogo, akazunguka mbele na nyuma, akainama chini ya bampa. "Sasa mbona westigeti haina mlio?" Yeye ameshaagiza westigeti ya nje, na bomba lake. Nilimwambia kabla hajaifunga apime kwanza kikopo alichonacho, pampu ya baiskeli nitamwazima. Bado ninayo hapa barazani, hajaja kuichukua.