Kifaa cha sauti cha USB hula chaji hata muziki ukiwa umenyamaza

Nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, simu ikiwa imejaa chaji, kifaa changu cha sauti, kidude kinachounganisha hedifoni na simu, kimechomekwa kwenye tundu la USB na hedifoni zimo masikioni. Nilisikiliza taarab mpaka Morogoro, nikasimamisha muziki, nikalala. Tulipofika Singida chaji ilikuwa imeshuka chini ya nusu, ingawa kwa saa nyingi sikuwa nimesikiliza chochote, na kabla hatujaingia Mwanza simu ilikuwa imezima kabisa. Nilishuka stendi ya Nyegezi usiku, namba ya mwenyeji wangu ikiwa ndani ya simu hiyo, na fedha zangu zote pia. Kondakta aliponiona nimesimama na begi bila kujua pa kwenda, alinipa pawabenki yake akasema, "Chomeka hapa kwanza, mzee wangu, watu wako wasihangaike."

Tangu siku hiyo nimelichukulia jambo hili kwa uzito, na maoni yangu ni kwamba wengi wetu tunalaumu kisichostahili lawama. Tunalaumu muziki, sauti kubwa au uzee wa betri, wakati sehemu kubwa ya chaji inaliwa na kifaa chenyewe kwa sababu tu kimechomekwa.

Zamani simu zilikuwa na tundu la hedifoni, na kazi ya kugeuza muziki kutoka namba kuwa umeme unaotikisa visikilizi ilifanywa na chipu ya ndani, ambayo simu yenyewe iliweza kuizima muziki unapokoma. Baada ya iPhone 7 kutoka mwaka 2016 bila tundu hilo, na kampuni nyingi kufuata njia hiyo, kazi hiyo imehamia nje kwa wengi wetu, kwenye kidude hiki ambacho wauzaji hukiita DAC. Unapokichomeka kwenye simu yenye tundu la USB, simu iliyozoea kulishwa umeme inageuka kuwa mlishaji. Inalazimika kutoa volti 5, ilhali betri yake ina takriban volti 3.8, hivyo saketi ya ndani inapandisha volti hizo, na katika kupandisha huko sehemu ya umeme inapotea kama joto.

Hebu tupige hesabu. Kifaa kinachovuta miliampea 100 katika volti 5 kinatumia nusu wati, na ukijumlisha kinachopotea njiani, betri inatoa zaidi kidogo ya hapo. Betri ya miliampea-saa 5,000, ambayo ndiyo ya kawaida katika simu nyingi za leo, inabeba takriban wati-saa 19. Kwa hiyo saa nane za kifaa hicho kuwa tunduni, kama usiku mmoja wa kulala, zinakula karibu robo ya betri nzima, kabla hujahesabu kioo, mtandao na programu nyingine. Kifaa kinachovuta miliampea 40 kwa muda huohuo kinakula kama sehemu moja ya kumi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu aliye safarini, lakini ni nadra kuikuta imeandikwa kwenye boksi.

Rafiki zangu hunishauri nipunguze sauti. Ushauri huo unalinda masikio, na hilo ni jambo jema, lakini kwa visikilizi vya kawaida hauokoi chaji ya maana. Visikilizi vinavyotoa sauti ya desibeli 100 kwa miliwati moja ya umeme vinapiga kelele ya kuumiza kwa miliwati hiyo moja tu, na usikilizaji wa kawaida unahitaji sehemu ndogo sana ya hapo. Mamia ya miliwati yanayobaki yanaliwa na chipu, na saa yake ya ndani, na kikuza sauti kinachokaa tayari muda wote. Niliwahi kuweka kipimo kidogo cha umeme wa USB kati ya simu na kifaa changu. Nilipopandisha sauti namba ilitikisika kidogo, nilipoishusha ikatikisika kidogo, na niliposimamisha muziki ilishuka kwa kiasi kisichonipa faraja. Ilifika sifuri nilipochomoa. Viko vifaa vinavyojua kulala vyenyewe muziki unapokoma, na ninaviheshimu kuliko vile vinavyojisifu kwa idadi ya chipu.

Ndiyo maana ninakasirishwa na namna vifaa hivi vinavyouzwa. Muuzaji mmoja Kariakoo alinieleza kwa dakika nyingi kuhusu chipu mbili na ubora wa kilohezi 384, lakini nilipomuuliza kinavuta miliampea ngapi alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. Simlaumu yeye sana, maana aliyekitengeneza hakumwambia. Namba hiyo ingepaswa kuchapishwa mbele ya boksi, moja ya wakati wa kusikiliza na nyingine ya wakati wa kimya, kwa sababu mnunuzi wa kwetu mara nyingi ana simu moja inayobeba benki yake, tiketi yake na ndugu zake wote.

Kwa wanaopenda vifaa vyenye betri yake ndani, tahadhari moja inatosha: vingine, vikichomekwa, vinaanza kujichaji kutoka kwenye simu, hivyo ulichonunua kuiokoa betri kinainyonya zaidi. Tafuta chenye mpangilio wa kuzima kuchaji, kama ilivyo FiiO BTR5, au chenye tundu la chaji lililotengwa na tundu la muziki, kama Chord Mojo ya mwaka 2015.

Muziki uliopakuliwa mapema ni nafuu kuliko wa kuvutwa mtandaoni, hasa njiani ambako simu inahangaika kutafuta mnara. Wasiotaka kununua kipimo wanaweza kuweka simu katika hali ya ndege, kuacha kifaa kimechomekwa saa mbili bila muziki, kuandika asilimia zilizopungua, kisha kurudia bila kifaa. Simu za Oppo na nyingine chache zina swichi ya OTG, yaani ya kuiruhusu simu kulisha umeme vifaa vya USB, inayojizima baada ya dakika kumi bila matumizi. Watu wengi huilalamikia swichi hiyo, lakini mimi natamani kila simu ingekuwa nayo.

Ukitaka kusikiliza huku unachaji, nunua kigawanyi kinachopitisha umeme na muziki kwa pamoja, kwa kuwa vingi vya bei ya chini hufanya moja tu kati ya hayo mawili. Usishangae ukisikia mlio mwembamba nyuma ya sauti, maana huo mara nyingi unatoka kwenye chaja.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa ya njia ileile. Basi liliposimama Morogoro watu wakashuka kula, nami kabla ya kuinuka kitini nilichomoa kifaa na kukitia mfuko wa shati. Muziki ulikuwa umezimwa muda mrefu, lakini kilikuwa bado na joto.