Mvua Nayo Inataka Kibali

Leo wamenirudishia tena fomu. Safari hii kosa ni kwamba mchoro hauna mshale wa kaskazini. Jamani! Nataka kutoa bomba la inchi 4 uani kwangu, livuke barabara, likaungane na bomba la maji ya mvua la halmashauri ambalo lipo hapo ng'ambo, tundu lake tunaliona wote, hata mtoto anakunyooshea kidole, halafu mtu mzima mwenye muhuri anasema bila mshale hawezi kujua maji yanaelekea wapi. Yanaelekea chini, dada yangu. Hayajawahi kuulizia kaskazini.

Sasa mimi siku ya kwenda ofisini huwa najiheshimu. Shati nimechomekea, faili kwapani, fotokopi za kila kitu hadi za fotokopi, kalamu ya kwangu mwenyewe maana ile ya pale wameifunga kamba fupi, ukitaka kusaini lazima uiname. Nimesalimia ukumbi mzima. Foleni mnaijua, tusipotezeane muda.

Kidirisha namba 3 ndo cha barabara, hapo wanatoa kibali cha kukata lami. Namba 4 ndo cha mitaro, kibali cha kuunganisha. Kati yao hakuna ukuta, hakuna hata pazia, ni meza moja ndefu, stepla moja, kidau cha wino kimoja, kaka wa namba 4 akitaka kugonga muhuri anasema nisogezee hicho na anasogezewa.

Dada wa barabara akafungua faili, akalamba kidole, akafunua kurasa taratibu. "Baba, siwezi kukuruhusu ukate barabara wakati watu wa mitaro hawajasema unaunganisha kwenye chemba ipi. Utakata, halafu ukose pa kuunganisha." Nikaona ana hoja. Nikasogea hatua moja kulia. Moja tu.

Kaka wa mitaro hata macho hakuinua. "Mzee wangu, ile chemba lazima niipime kina kwanza. Bomba lako likiingia chini kuliko letu, mvua ikikolea maji yetu ndo yatakuja kwako. Sasa mfuniko wake umefukiwa na lami, na mimi siwezi kugusa lami bila kibali cha barabara." Lami yenyewe waliimwaga wao, mtaa mzima tunaangalia, mfuniko ukafukiwa humo humo.

Nikamwambia kwa upole, si huyo hapo mwenye kibali, mwombe. "Kimaandishi, mzee." Nikamgeukia dada. "Mwambie aniandikie barua." Nimwambie? Amekusikia huyo! Kaka akajibu, "Nimesikia, ila haijanifikia."

Haya. Kaka akaandika barua, akaomba kidau, akagonga muhuri, akanipa mimi. Namwekea dada mbele yake, hataki hata kuigusa, lazima ipite masjala kwanza ipate namba. Masjala iko ghorofa ya juu kabisa na lifti ile mnaijua. Nikapanda ngazi na barua ya mtu inayokwenda kwa mtu aliyekaa naye bega kwa bega, mshenga kabisa, bado koti tu. Bwana wa masjala akaishika, akaigeuza. "Inatoka wapi?" Chini. "Inaenda wapi?" Chini. Akanitazama kwa huruma, "Sasa mbona umeileta huku juu?"

Hapo heshima ikaniponyoka. Sisemi nilisema nini ila mlinzi alikuja.

Kushuka nawakuta wale wawili wanaangalia video kwenye simu moja, wanacheka mpaka machozi. Barua imepokelewa, itafanyiwa kazi, nisubiri kupigiwa.

Na fomu yenyewe ndo usiseme. Kuna sehemu inauliza kiasi cha maji kitakachotiririshwa, basi nikapiga hesabu usiku kucha: milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1, bati langu ni mita za mraba 120, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inanishushia lita 6,000. Nikajiona mhandisi. Chini yake wanauliza tarehe ya kuanza kutiririsha. Nikaandika "ikinyesha". Wamekata kwa wino mwekundu.

Msinielewe vibaya, sheria zenyewe nzuri. Huo mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita una maana, bila huo mchanga unalala kwenye bomba na mwakani unafukua upya. Kukagua kabla ya kufukia ni sawa kabisa, maana wapo watu wanaingiza na choo humo humo, na maji ya bomba la mvua kwa kawaida hayapiti popote kusafishwa, ni mtoni moja kwa moja. Na kifusi lazima ukirudishe tabaka kwa tabaka, kila tabaka ulishindilie, la sivyo barabara inatitia. Yote nakubali. Mimi nalia na ile hatua moja ya kulia.

Mtu wa bima anataka kuona kibali ndo atoe bima, na kibali kinataka bima. Mkaguzi alisema atakuja asubuhi, hakusema ya lini. Fundi bomba kachukua advansi, simu haipatikani.

Halafu juzi alfajiri wakaja vijana wa nyaya, sijui nyaya za nini, wakapasua barabara hiyo hiyo mbele ya geti langu, wakalaza waya wao, wakarudisha udongo kwa miguu, wakaondoka. Nikawauliza kibali, wakaniuliza kibali cha nini. Sasa hivi pana bonde, pikipiki zote zinapita upande wangu.

Nimebakiza mpango wa kuongoza magari. Wanataka vibao pande zote, bamba la chuma la kufunika shimo usiku, na koni zenye mkanda wa kung'aa. Nani anakaa na koni nyumbani? Nikaenda kwenye shule ya udereva hapo jirani, wanazo zimejaa, nikamwomba mwalimu aniazime hata 4. Kaniambia niandike barua. Na wanafunzi wake ndo hao hao wanapandisha gari juu ya mifuniko ya chemba mpaka inapasuka, jana mmoja kaparamia ukingo akazima gari katikati ya barabara, mwalimu kashuka anamfokea kioo cha pembeni eti hakuwa anakiangalia, kioo chenyewe hakipo, pamebandikwa karatasi ya gundi tu…