Tusimwonee tabibu wa kale wa Misri

Matibabu ya kale yakitajwa tu, wengi huwaza hirizi na makombe. Kwa jeraha la kichwa, dhana hiyo inamwonea tabibu wa Misri.

Hati ya mafunjo ambayo Edwin Smith, Mmarekani mfanyabiashara wa vitu vya kale, aliinunua Luxor, Misri, mwaka 1862 iliandikwa yapata mwaka 1600 K.K., ikinakili maandishi ya zamani zaidi. Ina visa 48 vya majeruhi, kuanzia utosini kushuka chini, na 27 vya kwanza ni vya kichwa na uso. Kati ya vyote 48, ni kisa cha 9 peke yake kinachotumia maneno ya kuzingua. (Nyuma ya hati kuna mazinguo zaidi, ila hayo ni maandishi mengine.)

Kazi ilianza kwa vidole. Tabibu alipapasa ndani ya kidonda ajue kama mfupa ni mzima, umepasuka au umebonyea. Aliangalia damu ya puani na masikioni, kisha kama mgonjwa anaweza kugeuza shingo. Shingo kukakamaa ilikuwa dalili mbaya, na hata leo daktari huiogopa. Katika kisa cha 6 fuvu limefunguka: ubongo una mikunjo kama ya shaba iliyoyeyushwa, na unapiga chini ya kidole kama utosi wa mtoto mchanga. Aliyeandika hivyo alikuwa ameugusa.

Kisa cha 8 ndicho ninachokiheshimu zaidi. Ngozi haina kidonda, mfupa chini yake umevunjika, jicho limekwenda upande na mguu unaburutwa. Wamisri waliamini akili hukaa moyoni, lakini tabibu huyu alihusisha pigo la kichwani na mguu ulioshindwa kutembea.

Dawa zilikuwa chache: nyama mbichi siku ya kwanza tu, kisha mafuta, asali na nyuzi za kitani kila siku. Sukari nyingi ya asali huwanyima vijidudu maji, ndiyo maana kidonda hakiozi upesi. Fuvu likipasuka, hakufunga kitambaa. Mgonjwa alikalishwa, akaegemezwa kwa matofali pande mbili mpaka ijulikane kama anaelekea kupona au kufa.

Kabla ya dawa alitamka hukumu juu ya ugonjwa: nitautibu, nitapambana nao, au hautibiki. Kisa cha 6 kilipewa hukumu ya tatu, na bado mgonjwa alipakwa mafuta kichwani na kuangaliwa.