Pini ya kilti: mgeni wa Uskoti achague ipi?

Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Uskoti tunavaa kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti, tukiwa tumealikwa: harusi ya mfanyakazi mwenzetu, mahafali ya chuo, karamu ya Januari 25 ya kumkumbuka mshairi Burns. Tunahangaika na tartani (kitambaa chake cha miraba), koti na soksi, halafu pini tunachukua yoyote iliyo karibu na mwenye duka. Mimi naona pini inastahili muda zaidi. Ni kitu kidogo, lakini husomwa na wanaojua, na ikikosewa huchana sufu ya bei kubwa.

Nianze na ile ya kuachwa. Maduka ya Royal Mile, Edinburgh, yamejaa pini zenye nembo za koo: mkanda wenye bizimu umezunguka picha ya mnyama au mkono ulioshika upanga, na juu ya mkanda pameandikwa kaulimbiu ya ukoo. Picha ile ni mali ya mkuu wa ukoo. Mkanda na bizimu ndivyo vinavyosema kwamba mvaaji ni mfuasi wake. Mambo ya nembo Uskoti yana mahakama yake, Court of the Lord Lyon, iliyoko Edinburgh. Hakuna atakayekusimamisha mlangoni kwa sababu ya pini ya ukoo wa MacDonald, ila utakuwa umetangaza utii kwa watu usiowajua. Wenzetu wa Oman na Unguja wataelewa haraka: hanjari (jambia) ya Saidia, yenye pete saba, hunasibishwa na ukoo wa Al Said, watawala wa Oman, na anayeijua huisoma kabla hajaisifu fedha yake.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa na nyumbani. Kwetu ukitoka na kanzu iliyokaa vibaya au kofia isiyolingana na shughuli, hufiki mwisho wa mtaa. Mzee wa barazani atakuita, akurekebishe, akuombee dua, uende. Huku watu wana adabu ya kunyamaza. Muuzaji atakufungia chochote ulichokinyooshea kidole, na wenyeji watatabasamu. Kwa hiyo mgeni lazima ajifunze kabla ya kwenda dukani, na hili naliona ni gumu zaidi kuliko bei.

Chaguo langu kwa mgeni ni pini nyofu, ile inayofanana na pini kubwa ya kufungia blanketi, au yenye ua la mbaruti, ambalo ni la taifa zima na halina ukoo. Fundo la Kiselti ni zuri pia. Upanga na kichwa cha paa dume hupendwa, lakini angalia pembe na mpini: vikichomoza, kwenye ceilidh, yaani ngoma za kijamii za Kiskoti, hasa ile iitwayo Strip the Willow, vitanasa lesi ya gauni la mwenzako. Pitisha kidole pande zote za pini ukiwa dukani. Kikikwama, na lesi itakwama.

Mbele ya kilti kuna mapande mawili yaliyopandana; mahali pa pini ni pembe ya chini ya pande la juu, mkono wa kulia wa mvaaji, kando ya tamvua. Kipimo ninachoshauri ni sentimita 5 kutoka tamvua zinapoanzia, na sentimita 10 kutoka ukingo wa chini hadi ncha ya chini ya pini. Mtu mfupi ashushe hadi 8. Baadhi ya sketi za kike za mtindo huu hufungwa kinyume, basi pini ifuate tamvua zilipo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuunganisha pande la juu na la ndani. Wengi hudhani pini ni kifungo, na kile kisa cha Malkia Victoria kumbania askari kilti yake siku ya upepo kinawatia moyo. Kisa ni kitamu, ushahidi wake sijawahi kuuona. Kilti hushikwa kiunoni na mikanda midogo ya ngozi. Mapande mawili ya mbele lazima yateleze moja juu ya jingine unapotembea na kukaa. Ukiyabana, unapokaa moja huvutwa kulia na jingine kushoto, na nguvu yote huangukia matundu mawili ya pini. Uzi hukatika, na hata kabla haujakatika utaona pande la juu limepanda na kujikunja kama kanga iliyobanwa na kiti.

Namna ya kubana ni hii. Funga kilti kwanza, simama wima, tia alama kwa chaki ya fundi. Ingiza kiganja cha kushoto kati ya mapande mawili ili kizuie ncha isipite. Ncha iingie katikati ya nyuzi badala ya kuzikata, ichote kitambaa kama sentimita 1, itoke, kisha pini ikae sambamba na tamvua. Ikigoma kupita usiisukume, sogeza kidogo hadi ipate nafasi. Kisha kaa, inuka, tembea. Kilti ya kukodi huwa tayari ina matundu ya waliotangulia, yatumie hayohayo.

Uzito wa pini ufuate uzito wa kitambaa. Sufu ya aunsi 16 kwa yadi hubeba pini nzito bila kulalamika, ya aunsi 13 hubeba ya wastani, na ile nyepesi ya aunsi 10 au 11 huning'inia pembeni na kupanua tundu. Pini nyingi zina urefu wa sentimita 7 hadi 10, na ndefu haimaanishi nzito, hivyo ipime mkononi. Wanaoshona kilti za kitenge, na nawapongeza, wakumbuke kwamba pamba haina unyumbufu wa sufu: tundu likishapanuka halirudi. Fundi ashone kipande kidogo cha kitambaa kigumu kwa nyuma, pale pini itakapokaa.

Madini yalingane na vifungo vya koti na bizimu ya mkanda. Kromu inatosha kwa anayevaa mara chache, ila tazama kingo, ndiko inakoanza kubanduka. Ukinunua fedha halisi, Uingereza ina jambo ninalotamani lingekuwa kwetu: sheria ya 1973 inamtaka muuzaji wa kifaa cha fedha kinachozidi gramu 7.78 kuwa nacho kimepimwa na kupigwa mihuri. Edinburgh hupiga ngome ya minara mitatu, na fedha ya 925 huweza pia kuwa na simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyumbani tunategemea jina la sonara na la baba yake. Jina hilo lina thamani, lakini halimsaidii mnunuzi aliyetoka mbali.

Hata hivyo pini nzuri kuliko zote kwa mtu wa kwetu ni ile iliyofuliwa kwetu: tawi la karafuu, jahazi, au ua kutoka mlango wa Mji Mkongwe. Hapo mgeni anavaa vazi la wenyeji kwa heshima na anasema ametoka wapi. Mweleze sonara wazi kwamba si ya mtandio. Sindano iwe ya chuma cha pua, unene wa milimita 1.2 hivi, ncha kali isiyo na mikwaruzo. Akitaka fedha tupu, aipige nyundo baada ya kuchomelea, kwa sababu moto hulainisha fedha na sindano laini hupinda ikikutana na sufu nene. Kishikio kiwe na kifuniko, maana ndoano wazi hufunguka ukicheza.

Ukirudi kutoka karamuni, toa pini kabla ya kutundika kilti. Mvua ya huku hulowesha sufu, na sindano ya chuma cha kawaida huacha doa la kutu lisilotoka. Fedha nayo isilale juu ya sufu, kwani salfa iliyomo kwenye sufu huitia weusi. Mfuko mdogo wa pamba unatosha. Matundu yaliyobaki yasugue polepole kwa ukucha, weka kitambaa chenye unyevu juu yake, pasi iguse kidogo tu, na nyuzi zitarudi mahali pake.