Msiache suala la usajili hadi dakika za mwisho

Makala ninayoijibu hapa imewahimiza vijana waende nje kusomea kazi ya ambulensi, na nakubaliana nayo, ila suala la usajili imelipitia juu juu mno. Uingereza hakuna ruhusa ya kujiita paramediki, yaani mtaalamu wa huduma ya dharura kwenye ambulensi, kabla hujasajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko. Cheo hicho kinalindwa na sheria. Tangu 2021 kiwango cha chini cha mafunzo huko ni shahada, na aliyesomea nchi nyingine, vyeti na uzoefu wake hulinganishwa na viwango vyao kabla hajakubaliwa. Australia nayo ina usajili wa kitaifa tangu Desemba 2018. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, hakikisha kozi hiyo inatambuliwa na bodi ya nchi unakotaka kufanya kazi. Neno la wakala halitoshi.

Leseni ya udereva pia. Uingereza ambulensi nyingi huzidi tani 3.5, hivyo dereva lazima awe na daraja la C1, la magari mazito kiasi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni lugha. Utafaulu mtihani vizuri kabisa, kisha unafika kwa bibi aliyeanguka jikoni, anahema, anaongea lafudhi ya kwao huku akishika nyonga, na redio begani mwako inakuita. Hapo hakuna wa kukutafsiria, na dawa anazotumia lazima uzijue kabla hujamchoma sindano. Jamani, zungumzeni na wazee wa huko tangu wiki ya kwanza, na ulizeni chuo ni lini mtapanda gari lenyewe kwa mafunzo ya vitendo.