Mama Mkwe na Madigadi ya Kushoto

Land Rover langu lilikaa juu ya mawe miaka sita, na mwenyewe nilikuwa juu ya mawe pamoja nalo. Tofauti ni kwamba lenyewe lilikuwa na mawe manne ya matumbawe, mazuri, yale ya magofu ya Mikindani. Mimi sikuwa na hata hayo.

Nililinunua 2017. Watu wa Kusini mnaukumbuka msimu ule: kilo ya korosho ghafi ilicheza kwenye shilingi 4,000 mnadani, na Mtwara Kuchele nzima tukaanza kusalimiana kwa sauti nzito. Jirani zangu walinunua pikipiki, mabati na redio za kutikisa madirisha. Mmoja aliongeza mke. Mimi, mwalimu wa hesabu mwenye ekari tatu za mikorosho ya urithi kule Naliendele, nikatoa milioni mbili na nusu kwa Land Rover 109, Series III, lililozeekea chini ya mwembe huko Ndanda. Nikamweleza mke wangu kwamba 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Akauliza inchi zinachemshwa au zinakaangwa.

Nia ilikuwa kulifufua. Fundi akasema miezi mitatu. Kufungua alifungua kwa siku mbili, maana kwenye kufungua mafundi wetu hawana mpinzani. Injini ya lita 2.25 ikashushwa, vipande vikatiwa kwenye makopo ya maziwa na ya rangi, kila kopo nikalibandikia karatasi ya maelezo kwa uji wa muhogo. Halafu mabibo yakaiva. Kama si wa Kusini, sentensi hiyo imekupita hivi hivi. Mabibo, tunda la mkorosho, yakiiva unatoka uraka, pombe yake, na uraka ukitoka fundi haonekani mpaka ukauke. Aliporudi, mende walikuwa wameshakula muhogo pamoja na maelezo. Ndipo nilipobaki na makopo kumi na tisa ya vitu ambavyo hakuna binadamu aliyejua vinakaa wapi.

Chesisi ndiyo iliyonimaliza. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kutu haiigusi. Waingereza walianza hivyo tangu lile la kwanza la 1948, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Lakini chesisi ni chuma, na upepo wa Mikindani una chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Fundi akaigonga kwa nyundo ndogo. Nyundo haikurudi. Iliingia kama kijiko kwenye boga.

"Mwalimu," akasema, "hapa hakuna chuma. Hapa ni rangi imeshikana na rangi."

Msimu uliofuata hela za korosho zikachelewa, na habari za kuchomelea zikaishia hapo. Gea boksi ikahamia uvunguni mwa kitanda chetu, isilowe. Mtoto wangu wa darasa la pili aliambiwa shuleni achore kitanda, akachora na gea boksi. Mama yake akaitwa kuulizwa ile ni kitu gani. Jioni ile nikapewa mwezi mmoja: kiondoke chuma au nikifuate.

Nikasambaza tangazo kwenye makundi ya simu: "Linauzwa Land Rover 109, linahitaji kumaliziwa kidogo." Lile neno "kidogo" lilibeba mzigo kuliko Fuso.

Wateja walikuja. Kijana mmoja alipiga picha ameegemea boneti, akaaga, mpaka leo. Dalali mmoja akauliza gari linatembea, nikamwambia linatembea likisukumwa, akataka asilimia kumi ya hapo hapo kwa kuwa tayari tumeshaongea. Mwingine alitaka usukani tu.

Wa nne alikuwa mtu wa vyuma chakavu, na sumaku yake imening'inia shingoni kama hirizi. Akaibandika kwenye mlango wa nyuma, ikaanguka. Akaibandika kwenye paa, ikaanguka. Kila ikianguka anatabasamu zaidi.

"Mwalimu, hili siyo gari. Hizi ni sufuria zimelala! Fundi wa kusubu akipewa bodi hii, anatoa sufuria za harusi tatu na mifuniko yake."

Nikamfukuza. Nilimfukuza kwa hasira kabisa, maana mtu akikutukania mgonjwa wako lazima uumie. Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa barazani anapeta mchele. Alikuja kutoka Lindi kutusalimia wiki mbili, na huo ulikuwa mwezi wa tano. Ungo ukasimama kidogo. Kisha ukaendelea.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, akaja mteja hasa. Mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Newala, balaghashia safi, kandambili, dereva mstaafu. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye gari. Alilipapasa ubavuni kama anayenunua ng'ombe, akaanza kunisimulia: enzi ambazo daraja la Mkapa halijajengwa, kabla ya 2003, Rufiji unavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikukuta njiani unalala na gari lako kwenye tope mpaka mnazoeana. Alivyokuwa akipanda mlima wa Newala na mapipa ya maji nyuma, kwa sababu kule juu maji yalikuwa ya kuyatafuta kama mchumba. Akaniuliza silinda zinawaka kwa mpangilio gani. Nikajibu moja, tatu, nne, mbili. Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu wa madrasa aliyesomewa bila kosa.

Ile chesisi akaikagua kwa kidole tu. "Hii nitaunda nyingine," akasema, bila hata huzuni. Tukakubaliana milioni tatu na laki mbili. Nikahisi magoti yanalegea. Nikamwambia kila kitu kipo, mzee, kila kopo, kila kipande, hakijapotea hata skrubu.

Sasa, mgeni hawezi kuhesabu pesa na njaa. Mama mkwe akatoka na ubwabwa wa nazi na mchuzi wa pweza, akatenga mkekani, na sufuria lenyewe akalileta pale pale ili mgeni aongezewe. Mzee alikula kama aliyetoka Ndundu jana. Alipofika kwenye ukoko akaligonga sufuria kwa kijiko. Likalia ngii.

"Mama, hili sufuria limeshiba. Siku hizi wanatuuzia mengine mepesi kama karatasi. Umelinunua wapi?"

"Sikununua, baba," mama mkwe akajibu, anaona haya za kusifiwa. "Nilisubisha. Kulikuwa na bati moja limetupwa nyuma ya choo, lina tundu kama la taa. Nikampelekea fundi, akalikata, akaliyeyusha, yaliyobaki akachukua yeye kwa kazi yake."

Tonge langu likasimama katikati ya sahani na mdomo.

Nilikwenda nyuma ya choo kwa mwendo wa heshima, kisha kwa mbio. Madigadi zangu mbili za mbele nilizivua mwenyewe, nikaziegemeza pale, nikazifunika makuti. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto nilifunua makuti mara tatu, utadhani ni sindano. Nikarudi. Mama mkwe hafokewi. Nilisimama mbele yake, mdomo wazi, nikatafuta neno, na nililolipata ni hili:

"Ahsante kwa chakula, mama."

"Karibu mwanangu. Ukoko bado upo."

Mzee wa Newala alikuwa ameshaelewa. Alicheka mpaka balaghashia ikaingia kwenye mchuzi, akaikung'uta, akacheka tena. Alipomaliza akafuta machozi na kupunguza laki nne. Halafu akasema, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kubishana na trafiki nchi nzima, kwamba na sufuria ni lake, kwa sababu mwenye gari ametamka kila kipande kimo.

"Gari kauza yeye," mama mkwe akasema. "Sufuria hajalisubisha yeye."

Tena lilikuwa limeshaahidiwa. Wajukuu wa jirani walikuwa jandoni, na siku ya kutoka lingepikia pilau. Ikabidi aitwe mwenyekiti wa mtaa, ambaye vilevile tulimhitaji kushuhudia mauziano. Alisikiliza pande zote, akaomba aonyeshwe mtuhumiwa, akaligeuza, akalinusa. Akasema ameshaamua kesi za mipaka, za mbuzi na za ndoa, lakini ya sufuria lililowahi kuwa gari ni ya kwanza kwake.

Karatasi ya mauziano ninayo mpaka leo, ina muhuri. Imeandikwa: "Land Rover moja, madigadi moja ya kulia, makopo kumi na tisa, pamoja na sufuria moja lenye asili ya madigadi ya kushoto, litakalokabidhiwa watoto wakitoka jandoni."

Fuso lilikuja kesho yake, likaondoka na gari. Gea boksi ikatoka uvunguni, na mke wangu akafagia pale chini huku anaimba. Watoto wakatoka jandoni, pilau likaliwa, na mama mkwe mwenyewe akalisugua sufuria kwa mchanga mpaka likang'aa, akalifunga kwenye kiroba na kulipandisha basi la Newala. Nilimsifu kwa uungwana wake.

Jioni simu ikaita.

"Mwalimu, sufuria limefika salama. Mfuniko wake uko wapi?"

Nikageuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa anatazama bahari.